Kijakazi wa Mashamba ya Wafu

Wabeti aliamka kutoka usingizi wa mchana akakuta miguu yake imejaa tope hadi vifundoni. Tope bichi, jeusi, lenye harufu ya mtoni. Tope hilo halikuwa la pale, maana kijiji chao cha wachonga makaburi kilikuwa juu majabalini, ambako hata maji ya kunywa yaliletwa kwa punda, na mtu akimwaga kata moja aligombezwa na mtaa mzima.

"Pashedu," alimnong'oneza mumewe, "mimi nimetoka humu ndani?"

"Utoke uende wapi na jua hili? Umekoroma mpaka nikakosa usingizi."

Pashedu alicheka, kisha akaiona miguu. Wabeti akafumbua viganja. Vilijaa malengelenge ya mtu aliyeshinda na jembe.

Wote wawili walijua chanzo: utani wao wa siku ile ya sanamu.

Kazi ya Pashedu ilikuwa kufinyanga sanamu ndogo za udongo, zile wanazozikwa nazo wakubwa. Ahera nako kuna mashamba ya kulima na mifereji ya kuchimba, na mkubwa ambaye hakushika jembe akiwa hai atalishikaje akiwa maiti? Akiitwa kazini, sanamu ndizo humwitikia: "Nipo!" Kabla ya kuzikabidhi, mfinyanzi huzisomea maneno hayo, na nyumba nzima hufunga mdomo, asije mtu hai akaitika pamoja nazo.

Siku ile zilikuwa sanamu za msimamizi mmoja mkali, aliyewahi kumcharaza Pashedu fimbo mbele za watu. "Ukiitwa kazini, utasema nini?" Pashedu aliuliza kwa sauti nzito, na Wabeti, aliyekuwa akikanda unga nyuma ya pazia, uzalendo ukamshinda. Akaitika kwa sauti nyembamba ya kitoto, "Nipo!" Walicheka mpaka wakashika mbavu. Msimamizi akazikwa na sanamu zake, kaburi likazibwa. Utani gani ule, jamani!

Siku ya pili baada ya kuamka na lile tope, Wabeti aligoma kulala. Alikaa kitako kando ya tanuri akitafuna kitunguu kibichi, machozi yakimtoka. Jua lilipofika utosini harufu ya tope ikaja kwanza, kisha ya mafuta wanayopakwa maiti, na nzi wakanyamaza, na punda wa jirani akakatiza mlio wake katikati, halafu chini ya sakafu ikapanda ile sauti ya kujivuta ya msimamizi, mtu asiyezoea kusubirishwa, ikasema "Wa kazi!", na kabla hajauma ulimi kinywa chake kikafunguka chenyewe kikaitika, naye akawa gizani, shambani, analima bega kwa bega na watu wadogo wa udongo ambao hawakupumua wala kumtazama, na kila alipolitupa jembe mkono wake mwenyewe uliinama ukaliokota.

Pashedu alipofaulu kumwamsha, jua lilikuwa linazama.

"Leo amenikalisha zaidi," alisema Wabeti. "Iko siku hatanirudisha, mume wangu. Naogopa."

Wakamwita Bibi Tahenu, mwanamke anayeulizwa habari za wafu. Bibi alivinusa viganja vya Wabeti, akaguna.

"Amekufanya kijakazi wake, mwanangu, na umejipeleka kwa mdomo wako. Lakini yule alipenda bia na kusifiwa. Kesho asubuhi nitasimama mlangoni pa kaburi lake nimwite kwa jina, nimpe na sanamu nyingine badala yako, nimbembeleze akuachie. Maiti akiitwa jina lake, husikia. Ninyi msiguse kitu."

Usiku huo Wabeti alilala akitabasamu. Pashedu hakulala, hasira zilimchemka.

Asubuhi Bibi alifika na kikapu chake, na Pashedu naye akatokea, patasi mkononi, vumbi jeupe limemjaa hadi kwenye kope.

"Yamekwisha, mke wangu! Nimelifuta jina lake. Juu ya mlango wa kaburi, kwenye ukuta wa nje, kwenye meza ya sadaka, popote nilipoliona. Asiye na jina hayupo tena. Nimemuua mara ya pili!"

Mtu yeyote wa kijiji kile angewaza hivyohivyo.

Bibi Tahenu alikaa chini. "Umelifuta lote?"

"Lote!"

"Haya, litaje."

Pashedu akafungua kinywa. Akamtazama Wabeti. Wabeti alilitafuta moyoni, jina alilolisikia maisha yake yote, akakuta pengo. Bibi mwenyewe hakulikumbuka. Ndiyo maana hata mimi silitaji, halipo.

"Sasa nimwombe nani?" alinong'ona Bibi. "Nimwite vipi anisikie?"

Jua lilikuwa bado la asubuhi, lakini harufu ya tope ikaingia. Nzi wakanyamaza.

"Wa kazi!"

Pashedu alimrukia mkewe akamziba mdomo kwa mikono yote miwili, akakandamiza kwa nguvu zake zote, akilia na kumwomba radhi, na ndani ya viganja vyake akaihisi midomo ya Wabeti ikijipanga, taratibu, kuitika.