Alama ya Kidole

Kila shule ilipofungwa, Kijiti alikwenda kumsubiri baba yake kwenye maabara ya hospitali, alikofanya kazi ya kupiga deki. Mama yake alikuwa amefariki. Kipande cha nyama kilichokatwa mwilini mwake ili kipimwe kilikaa miezi miwili kikingoja rangi ya kukipaka ili chembe zake zionekane kwenye hadubini. Wakubwa walisema bajeti bado. Jibu lilipotoka, msiba ulikuwa umekwisha anuliwa.

Sasa wakubwa walileta kompyuta. Ilikuwa imefundishwa kwa maelfu ya picha, hivyo ilipiga picha ya nyama isiyo na rangi, kisha ikaipaka rangi yenyewe kwenye skrini. Kabati la rangi za chupa likafungwa.

Wiki hiyo, kwenye kioo kidogo cha kuwekea nyama ya kupimwa, kulikuwa na kipande kutoka kwenye uvimbe wa shingoni mwa baba.

"Usiguse, hata kwa kidole kimoja!" fundi wa maabara alionya, akatoka.

Kijiti akakiinua kioo kwenye mwanga. Hakuona kitu, akakirudisha.

Kesho yake, Ijumaa, skrini ilionyesha doa la zambarau, zito kama wingu la mvua. Daktari aliitazama picha, akasema baba apasuliwe Jumanne. Huenda angepoteza sauti.

"Wakubwa walimla mama yako, sasa zamu yangu," baba alisema, akikamua tambara. "Sisi ni nani tuwaulize?"

Kijiti alikumbuka alivyokishika kioo, akahofu doa lile ni la kidole chake. Jumamosi akanyamaza. Jumapili akanyamaza. Akisema, fundi angefukuzwa kwa kumwacha peke yake na kioo, baba naye. Asiposema, je? Kila alipogeuka, ukuta.

Jumatatu aliingia maabara akilia.

"Mjomba, nilikishika kile kioo."

Fundi alimtazama vidole. "Na ulikuwa umekula nini?"

"Maandazi."

"Mafuta! Ewe mtoto, utaniua!"

Alikifuta kioo kwa spiriti, akapiga picha upya. Doa halikuwepo. Hakuridhika, akakata kipande kingine chembamba, akapiga tena. Safi. Akamkimbilia daktari, naye akazikagua picha zote mbili na kuufuta upasuaji. Uvimbe ule ulikuwa tezi la kawaida, la kutibiwa kwa dawa.

"Kosa langu pia," fundi alimwambia baba. "Sikukikagua kioo. Mashine hii haijui uchafu. Ukiionyesha mafuta, itayapamba kama chembe."

"Na rangi ya kuhakikisha wameifungia," baba akasema.

"Wameifungia, mzee."

Baba alichuchumaa, akamshika Kijiti mabega.

"Mwanangu, kabati lile ufunguo wanao wao. Mama yako tulimpoteza hivyo hivyo, na mimi sikuweza kitu. Lakini mdomo wako hakuna mkubwa aliyeufunga. Siku tatu uliufunga mwenyewe. Ukikosea, sema siku ile ile, hata kama unatetemeka."

"Ndiyo, baba."

"Haya. Nenda kanawe mikono."