Aliyekula Harufu ya Bernadina

Maisaka nzima wanaisimulia habari hii, na wote wanaikosea. Wengine wameiongezea hadi mkia na kwato. Mkia haukuwepo. Kilichokuwepo ni kitenge kimoja, na dobi Konstantini aliyekuwa akikinusa kwa kipimo.

Kitenge kilikuwa cha marehemu mkewe, Bernadina, nguo ya mwisho aliyoisuuza kwa mkono wake kabla hajalazwa asirudi. Dawa ya kusuuzia, ile ya kunukia, aliichanganya mwenyewe. Vifuniko vingapi vya ipi, hakumwambia mtu. Alipozikwa, Konstantini alijaribu kuchanganya mara kumi na moja. Zote zilinukia duka. Hakuna iliyonukia Bernadina.

Paskasi, muuza sabuni wa sokoni, ndiye aliyemfafanulia. "Harufu imefungwa kwenye vipunje, vidogo kuliko vumbi la unga. Ukisugua vinapasuka, inatoka. Lakini kipunje kikishapasuka ndiyo basi, ndugu yangu. Hakijifungi tena."

Basi Konstantini akawa bahili. Kila siku baada ya chakula cha mchana alifungua sanduku la bati, akasugua upana wa kidole kimoja, akanusa, akafumba macho. Kisha akatia alama ya uzi mwekundu ili kesho aanzie hapo. Alivyopiga hesabu, Bernadina angemtosha mpaka Krismasi ya mwaka kesho.

Jumanne moja akasugua mbele ya uzi. Hakuna kitu. Akasogea kidole cha pili, cha tatu. Kitambaa kitupu, kinanuka pamba. Akalifunga sanduku kwa kufuli, akamwita binti yake.

"Kindness, umekuwa ukifungua hili?"

"Mimi? Baba, hata kulitazama siwezi. Nikiliona nalia."

"Sasa nani?"

Kabla binti hajajibu, sanduku likajibu. Kwaru. Kwaru. Taratibu, kama mtu anayesugua nguo kwa vidole viwili. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Konstantini, jua la saa nane limejaa chumbani, na harufu ya Bernadina ikaanza kutoka kwenye upenyo wa kifuniko, ikapita katikati yao kama mgeni asiyepiga hodi, ikaenda mpaka kwenye kiti cha marehemu pale kwenye kona, na hapo ikakatika ghafla, kama iliyovutwa yote kwa pua moja, na kiti kikalia kwa uzito wa kitu kilichokaa.

"Baba," Kindness alinong'ona, "twende nje."

Kesho yake akaja Mzee Mudy, mganga wa Nangara. Alinusa mlango tu, hakuingia.

"Majini yanapenda manukato, hilo linajulikana. Hili limeonja ya mkeo. Likimaliza kitenge litamtafuta popote alipobaki." Akamtazama Kindness, aliyerithi mpaka jasho la mama yake. "Sugua chote wewe mwenyewe, mara moja, mlango wazi. Harufu iondoke na upepo, nalo litaifuata. Lisibakiziwe."

"Mzee, sina kingine cha Bernadina."

"Unaye huyu."

Konstantini aliingia peke yake. Akasugua kwa viganja viwili kama anavyofua mashuka ya gesti, na Bernadina mzima akatoka kwa pamoja, Jumapili zake zote, kamba zake zote za nguo zikipepea uani, akajaa chumba mpaka mwanamume akashindwa kuona kwa machozi, na kule kwenye kona kiti kikaanza kujikokota sakafuni kuja kwake, kidogo kidogo, mpaka kikamgusa goti, naye alikuwa amebakiza upana wa kidole kimoja.

Ndipo sauti ikamwita sikioni, kwa lile jina ambalo Bernadina alimwita taa ikishazimwa, ambalo hata Kindness hakuwahi kulisikia.

"Niachie hapo padogo," ilisema. "Nitakaa kimya."

Mikono ikasimama. Nje, Kindness alikohoa.

Konstantini akasugua.

Kitu kikalia, wala si kwa ukali. Kililia kama anayezikwa mara ya pili. Kisha upepo wa mlima Kwaraa ukaingia, ukatoka, na chumba kikanuka chumba.

"Limesema neno?" Mzee Mudy aliuliza kutoka mlangoni. "Mara nyingine huwa linasema."

"Hapana," alijibu Konstantini, akikunja kitambaa. "Halikusema."