Koki Zilizopakwa Rangi

Jumamosi nyumbani kwetu haikuanza na chai, ilianza na koki. Shangazi alikuwa akinigongea dirisha asubuhi na kuita, "Panya, amka! Koki hazijizungushi zenyewe!" Aliniita Panya kwa kuwa ni mimi tu niliyeweza kupenya chini ya sakafu ya boti bila kukwama. Yeye alikuwa na mwili wa kuwatosha watu wawili, na mwenyewe alilisema hilo huku akicheka.

Boti ilikuwa ya baba. Alipofariki, shangazi, dada yake, ndiye aliyeshika usukani akaendelea kuvusha abiria. Ilikuwa ndogo na kuukuu, na injini yake ilikohoa mara kadhaa kabla ya kuwaka. Lakini jamani, niliipenda kuliko nyumba! Nikilala ngamani, kule chini ya mbao za sakafu kwenye harufu ya dizeli na unyevu, niliona kama baba yuko juu yangu anapiga mluzi. Hata leo, mtu mzima mwenye watoto wangu, nikinusa dizeli huwa nasimama kidogo.

"Haya, nisomee," shangazi alisema kila mara, akikaa ukingoni na kikombe chake.

Nami niligusa bomba moja baada ya jingine. "Hili linaingiza maji ya kupoza injini. Hili linatoa maji yanayovutwa na pampu kutoka ngamani. Hili ni la sinki la kunawia mikono."

"Na kwa nini tutoboe boti, na maji tunayaogopa?"

"Injini inahitaji maji, na maji machafu yanahitaji njia ya kutoka. Kila tundu lina bomba, kila bomba lina koki. Mpira wa kupitisha maji ukipasuka, unafunga koki."

"Na koki ikikataa?"

"Kizibo!" Kando ya kila koki baba alikuwa amening'iniza kizibo cha mbao, kimechongwa kama karoti.

Kisha nilizungusha koki zote, funga, fungua. Mkono wa koki ukilala sawa na bomba, iko wazi. Ukikingama, imefungwa. "Koki isiyozungushwa huingiwa na uvivu," shangazi alisema. "Mwisho haisogei kabisa, kama kaka yako akiambiwa aoshe vyombo."

Mama hakuwahi kupanda boti ile. Akisikia habari za matundu alishika kichwa. "Boti ya kutobolewa kwa makusudi! Mnataka kunimalizia watoto?" Mwaka ule akapata mtu wa kuinunua. Shangazi alimbembeleza mpaka sauti ikamkauka, ndipo mama akakubali jambo moja.

"Nitapanda mara moja tu. Nikiona maji ndani, wifi, inauzwa."

Boti ikiuzwa, na baba angekuwa ameondoka kabisa.

Kaka, aliyenizidi miaka mitatu, akajitwika kazi ya kuipamba. Mkono wake wa rangi ulikuwa mzuri, siwezi kumnyima hilo. Nje alipaka buluu, ndani nyeupe. Kwa kuwa hakutaka mama aone kutu popote, alijibana kwa taabu hadi ngamani akapaka koki nazo, nyekundu, tabaka juu ya tabaka. Wakati huo wote mimi nilikuwa kitandani na homa, na kuzungusha koki aliachiwa yeye.

"Koki umezungusha?" shangazi alimuuliza asubuhi ya safari.

"Zote," kaka alijibu upesi, macho kwenye viatu vyake.

Mama aliketi katikati, mkoba kifuani. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Alinawa mikono kwenye sinki, akasifu rangi, hata akatabasamu. Tulipokuwa mbali na nchi kavu pande zote mbili, nikaona maji yakichungulia kati ya mbao za sakafu.

"Shangazi, maji!"

"Yanatoka wapi?" aliuliza bila kuachia usukani.

Niling'oa ubao, nikapenya. Mpira wa sinki ulikuwa umechanika pale unapoungana na koki, na maji yalikuwa yakiruka. Nikashika mkono wa koki. Wapi! Rangi ilikuwa imeugandisha.

"Nipishe, niuvute kwa nguvu!" kaka alisema, tayari amejinyoosha juu yangu.

"Usiguse!" nilifoka. "Ukiivunja tumekwisha!"

Niliuchomoa mpira wote. Maji yakanipiga usoni, nikapapasa, nikakipata kizibo. Nilikisukuma kwenye mdomo wa koki, kisha nikakigongomea kwa kisigino cha kiatu mpaka maji yakawa matone, na matone yakakoma. Shangazi akawasha pampu.

Nilipotoa kichwa, mama alikuwa amesimama, viatu vimelowa. "Wifi," alisema, "nimeona maji."

Nikaangua kilio, tena cha sauti.

"Aliyepaka rangi koki ni nani?" shangazi aliuliza. Alijua, lakini alitaka kusikia.

Kaka alinitazama. "Ni mimi. Na sikuzizungusha, shangazi, nilikudanganya. Niliogopa rangi ingepasuka kabla mama hajaiona."

"Lo! Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi," shangazi alisema, akageuza boti kurudi.

Tulipofunga kamba gatini, tulimsubiri mama ashuke. Hakushuka. Alivua viatu, akapiga magoti kwenye ule ubao uliong'olewa, akaniita.

"Hebu nionyeshe. Hili kazi yake nini?"

Nikamweleza, kwikwi bado zimenishika. Akauliza la pili, akauliza la tatu. Akamwamuru kaka alete kisu cha kukwangulia rangi, wakaikwangua koki ya injini pamoja. Nikauweka mkono wa mama juu yake. Aliizungusha taratibu, ikafunga. Akaizungusha tena, ikafungua.

"Miaka yote nilidhani baba yenu alikuwa anapuuza hatari," alisema. "Kumbe alikuwa anaijua, ndiyo maana alilala usingizi bila wasiwasi." Akamgeukia kaka. "Mwanangu, ukificha kutu hujaiondoa. Umekosea, lakini umesema kweli mbele yetu, hilo nimeliona. Kila Jumamosi utashuka humu na mdogo wako. Na mimi nimejifunza langu: nimeogopa kitu ambacho sikuwahi hata kuuliza."

Shangazi alikohoa kidogo. "Na yule mnunuzi, wifi?"

"Mwambie atafute boti nyingine," mama alisema, akipangusa mikono kwenye gauni. "Hii ina wenyewe."