Programu ya Bure

— Huyo kijana anafanya kazi gani? baba aliuliza.

Nilikuwa nyuma ya pazia, sinia la chai mkononi. Mzee Romani, mshenga wa mpenzi wangu Modesti, akakohoa kidogo.

— Anaandika programu za kompyuta, mzee Sixbert. Kwa lugha inaitwa Python. Ametengeneza ya kutunzia hesabu za bidhaa, maduka mengi hapa Kilwa Masoko yanaitumia.

— Vizuri. Anauza bei gani?

— Hauzi! Mzee Romani akajibu kwa fahari, akidhani anampamba kijana wake. Anawagawia bure. Ana moyo huyo!

Baba akacheka, kicheko kibaya.

— Mtu anayegawa jasho lake, mwanangu atamlisha nini? Mwambie akianza kuuza, arudi.

Kesho yake nilimfuata Modesti steshenari, kwenye kompyuta ileile aliyokuwa akinifundishia. Mimi niliyeishia darasa la saba nilikuwa nimeshaelewa: unaandika kalibu moja ya bidhaa, kama ya tofali, kisha unafyatua sabuni, mchele, mafuta, kila kimoja na bei yake.

— Uza, Modesti. Hata kwa duka moja tu.

— Natalia, hii lugha yenyewe nimeipata bure. Watu wasionijua wameiandika, wakaiacha wazi kila mtu aisome. Leo mimi nifunge?

— Kwa ajili yangu.

Akarudisha macho kwenye kioo cha kompyuta.

— Niombe lolote, mpenzi. Hilo hapana.

Nililia njia nzima. Lakini niseme ukweli, nilizidi kumpenda. Nikaona huyu ana msimamo, hata ndani ya ndoa hatanigeuka. Alipokuja mwanamume mwingine, Fakihi, na posa yake nikakataa, baba akaacha kuongea na mimi. Modesti akahamia Lindi kutafuta maisha. Akatuma meseji:

"Nivumilie mpz. Mzee atalainika."

Nikajibu: "Nipo."

Msimu wa korosho ulipoisha, mzee Romani akaja nyumbani.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Baba yupo?

— Yuko shamba.

— Afadhali. Akakaa barazani bila kuvua kofia. Natalia, Modesti amenituma posa tena. Kule Lindi.

— Kwa nani?

— Kwa kina Restuta. Baba yake aliuliza swali lile la baba yako.

— Ukamwambia anagawa bure?

— Hapana. Siku hizi anauza. Kaifunga, kampa tajiri mmoja, maduka yanailipia. Wamempokea, mama. Nisamehe, nimeona usisikie mtaani.

Nilipiga simu palepale, mzee akiangalia chini.

— Natalia, za siku...

— Ni kweli unaoa?

— Maisha yamebadilika, Natalia. Mtu anakua.

— Baba yangu alitaka hicho hicho. Nikakuomba na mimi, nimesimama mbele yako.

— Wakati ule nilikuwa sijafikiria vizuri.

— Ulifikiria, Modesti. Ila haikuwa kwa ajili yangu.

Nikasikia sauti ya kike karibu naye:

— Nani huyo, mume wangu?

— Mteja tu, akajibu.

Nikakata simu.

Baba aliporudi nilimpelekea maji ya kunawa. Alinitazama usoni, akatazama kofia ya mzee Romani ikipotelea kwenye kona ya njia. Akanawa taratibu, kisha akasogea kwenye mkeka kunipa nafasi.

— Kaa, Natalia. Chai nitapika mimi.