Sala Ambayo Kasoki Hakuitamka

Siku watu wa Goma waliporuhusiwa kurudi kutoka Sake, walikokimbilia, baada ya volkano kutulia, Kasoki aliikuta mashini ya kurekodi kazini kwake ingali inazunguka, na mtaa mzima wa Katoyi hauna umeme. Chumba kilinuka kiberiti na nywele zilizoungua. Akadhani panya amenasa ndani, akafungua kifuniko. Hapakuwa na panya.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza simu za watu wa Goma na kupiga chapa waliyoyasema. Nyumba yenyewe haikuwa na kibao mlangoni. Sheria ilidai kibali cha jaji kwa kila simu, lakini raisi alikuwa ametia saini hati ya siri kwamba, kwa sababu ya vita, kibali hakihitajiki tena. Hati ilikaa kwenye droo ya mkubwa wao, Adalbert, naye mtu akiuliza swali aliigonga ile droo tu, maneno yakaisha.

Kasoki akavaa visikilizio. Zilizorekodiwa hazikuwa simu. Zilikuwa sauti za watu waliokimbia moto, kila mmoja akisema peke yake bila kupumua. Mwanamke mmoja alikuwa anamwomba Mungu mama mkwe wake afie njiani, ili mzigo upungue. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, Kasoki. Sala ile aliisali moyoni, midomo imefungwa, bibi kizee akimlemea mgongoni.

Alimfuata Adalbert, akafunga mlango.

"Chefu, haya mi sikuyasema. Niliyafikiri tu. Ndani ya ile mashini muko kitu."

"Muko kazi," Adalbert akajibu. "Andika."

Akaandika. Juma baada ya juma alipiga chapa yale ambayo watu hawakuyatamka, na watu wakakamatwa kwa hayo. Kisha ikaja sauti ya mdogo wake, Jephté, aliyesafirisha vitunguu kwa pikipiki kutoka Kiwanja. Kwenye kizuizi, askari wakimtukana, alikuwa amewaza kwamba labda waasi wana adabu kuliko hawa. Kasoki alichana ukurasa ule, akautia kwenye jiko. Asubuhi aliukuta mezani kwa Adalbert, umepigwa chapa vizuri, pamoja na makosa yake ya kila siku ya kuandika. Jephté alikamatwa kabla ya saa sita.

Hapo ndipo Kasoki alipoanza kuzunguka maofisini. Polisi walimwambia ni jambo la jeshi. Jeshi wakamwambia ni la usalama. Usalama wakamwambia ofisi anayoisema haipo, ingawa yeye alikuwa anafanya kazi humo. Mwisho akamfikia jaji, mama mmoja mpole aliyechoka.

"Raisi hana amri ya kusikiliza watu bila sisi," jaji alimwambia. "Lakini hati ya siri, kwangu, ni kama haiko. Siwezi kufuta kitu chenye sijaona."

Basi Kasoki aliiba hati, akaifunga tumboni chini ya kitenge, akaipeleka. Miezi miwili ikapita. Waasi wakasogea, barabara ya Rutshuru ikafungwa, na ndipo jaji alipoamua: hati ni batili. Adalbert aliisoma karatasi ya hukumu, akasema jaji ni wa nyakati za amani, akaitupa kwenye droo yake.

Kilichombadilisha Adalbert hakikuwa sheria. Mchana mmoja mashini ilianza kusema kwa sauti yake yeye, na wafanyakazi wote wanasikia, jinsi anavyowachukia wakubwa wa Kinshasa. Akang'oa nyaya, ikaendelea. Akaifunika kwa koti, ikaendelea. Akaitoa uani akaipiga nyundo mpaka vyuma vikatawanyika juu ya mawe meusi, na kila kipande, hata kile kidogo kilichoingia kwenye kiatu chake, kikaendelea kusema taratibu, mpaka majirani wakafunga madirisha mchana kweupe na mkubwa yule akakaa chini akilia.

Akaitwa mama Nyiramahirwe, mkimbizi kutoka Kiwanja aliyejulikana kwa kutoa mapepo. Alikuja na maji ya chumvi na rozari. Alinyunyiza, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alikuruhusu kuingia kwa watu?"

"Raisi," vipande vikajibu.

"Raisi anatawala inchi. Ndani ya kifua cha mutu hatawali. Hakuwa na kitu cha kukupa. Toka."

Kimya kikaingia. Kisha kitu kizito kikajiburuta juu ya mabati ya paa, kikaelekea mjini. Harufu ikaisha. Siku ya tatu Adalbert mwenyewe alipeleka karatasi ya jaji gerezani, na Jephté akatoka.

Kasoki alimpikia kwake Mabanga. Jephté alikuwa amekonda, ana kovu jipya shingoni. Alikula kwa pupa. Kasoki alilitazama lile kovu, akawaza kwamba hatamwambia kamwe ni mkono wa nani uliopiga chapa ukurasa wake.

Jephté akaacha kutafuna.

"Yaya," akamwita dada yake polepole. "Kumbe ni weye uliandika?"

Kasoki hakuwa amefungua kinywa. Akainamia sahani, akaanza kuhesabu maharage kichwani, moja, mbili, tatu, ili asifikiri kitu kingine chochote. Na ng'ambo ya meza, bila kuinua macho, mdogo wake akaanza kuhesabu kwa sauti pamoja naye.