Swali la Tisa kwenye Fomu ya Nyumba

Kila asubuhi Verlene Pettway alianza siku kwa kufuta ukuta. Ukuta wa chumba cha binti yake ulikuwa na ukungu mweusi. Mwenye nyumba alikuja na kopo la rangi, akapaka juu yake, akatabasamu, akaenda zake. Baada ya wiki mbili ukungu ulirudi. Nyla, mwenye miaka sita, alikohoa majira yote ya baridi.

Mume wa Verlene, Roscoe, alikuwa fundi wa mabasi ya mji hapa Toledo, kaskazini mwa Marekani. Akisikia mngurumo wa injini tu, anajua inaumwa wapi. Lakini mpe karatasi ya serikali uone. Utamwonea huruma.

Mwaka huo walipata nyumba ya kununua. Ilikuwa ndogo, ya njano, mtaa wa pili tu, na kuta zake zilikuwa kavu. Muuzaji alikubali bei yao. Benki nayo ilikubali kuwakopesha. Kilichobaki ni kianzio, yaani fungu la kwanza ambalo mnunuzi hulitoa mfukoni mwake. Hilo hawakuwa nalo.

Bahati nzuri mji una mpango wa kuwasaidia kianzio watu wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza. Walihudhuria darasa la lazima Jumamosi nzima, wakapewa fomu. Fomu irudishwe Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Ikichelewa, nyumba ya njano itauzwa kwa mwingine.

Jumanne jioni Roscoe alijaza maswali manane bila shida. La tisa likamkwamisha. Liliuliza: "Je, unamiliki nyumba au ardhi mahali popote?"

"Andika hapana," alisema Verlene huku akikoroga maharage. "Sisi tuna nini?"

"Tuna shamba."

"Shamba gani, Roscoe?"

"Lile la Alabama."

Verlene aliacha kukoroga. "Lile si la ukoo?"

"La ukoo ni la nani? Si mimi nami ni ukoo?"

Hapo wote wawili walichanganyikiwa, na siwalaumu. Baba wa babu yake Roscoe, Mzee Elijah, alinunua ekari thelathini na moja kwa jasho la kulima pamba. Akafa bila kuandika wosia. Watoto wakarithi bila kugawana, na wajukuu vivyo hivyo. Familia nyingi za sisi watu weusi tuliohamia kaskazini zina shamba la namna hiyo kule kusini. Kila Julai akina Pettway hukusanyika pale wamevaa fulana za rangi moja. Wanakula mbavu za kuchoma, wanapiga picha, wanatawanyika. Ukiuliza shamba ni la nani, kila mtu atakujibu, "Letu."

Kesho yake Roscoe akaenda kuuliza kwa kinyozi. Kosa lake la kwanza hilo. Kwa kinyozi wetu kila mtu ni wakili.

"Andika hapana," alisema Clem, kinyozi mwenyewe. "Nani atatoka hapa aende Alabama kukuchunguza?"

"Wee!" alidakia mzee mwenye povu kidevuni. "Huo ni uongo kwenye karatasi ya serikali. Watakunyang'anya nyumba na mke akukimbie."

"Mke amkimbie kwa miguu ipi?" Clem alicheka. "Gari lenyewe anaendesha Roscoe!"

"Mimi nakwambia ukweli," alisema kijana mmoja aliyekuwa akisubiri zamu. "Mwenye ardhi si mnunuzi wa mara ya kwanza. Liuze hilo shamba kwanza, ubaki huna ardhi."

Roscoe aliingia na swali moja, akatoka na matatu. Usiku hakula vizuri. Afiche? Aseme? Auze?

Alhamisi mchana alikumbuka barua. Kuna kampuni ilikuwa ikimwandikia mara kwa mara, ikitaka kununua fungu lake la shamba. Karatasi ya mkataba ilikuwa imo ndani ya bahasha, inangoja saini tu. Aliitoa kwenye droo, akaiweka mezani kando ya fomu. Chumbani Nyla alikohoa. Roscoe akashika kalamu.

"Unafanya nini?" aliuliza Verlene.

"Namaliza mambo. Nikisaini hapa, sina ardhi. Naandika hapana, na wala si uongo."

"Umemuuliza nani?"

"Nimeuliza kwa Clem."

"Clem! Clem mwenyewe amepanga chumba juu ya saluni!" Verlene akampokonya kalamu, akaitia mfukoni mwa aproni. "Tunaandikia mate na wino upo. Yule mama aliyetufundisha Jumamosi yuko wapi? Twende."

Mama Hargrove, mshauri wa wanunuzi wa nyumba, alikuwa na miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Alisoma swali la tisa. Kisha akamtazama Roscoe.

"Hili nililieleza darasani, baada ya chakula cha mchana."

"Alikuwa anakoroma," alisema Verlene.

"Nilifumba macho tu," alisema Roscoe.

"Basi leo yafumbue. Katika mpango wetu, mnunuzi wa mara ya kwanza ni mtu ambaye kwa miaka mitatu iliyopita hakuwa na nyumba yake mwenyewe anayoishi. Miji mingine ina kanuni zake, lakini hapa ni hivyo. Shamba la Alabama lina nyumba?"

"Lina banda la kuchomea nyama."

"Umewahi kuishi bandani?"

"Hapana, mama."

"Basi halikuzuii. Andika ndiyo, kisha eleza: ardhi ya urithi, haijagawanywa, siishi huko. Leta na nakala ya risiti ya kodi ya shamba. Ukweli hauwaondoi kwenye mpango. Kinachowaondoa ni kuficha."

Roscoe alishusha pumzi. "Na nikiuza fungu langu?" Akamwonyesha ile karatasi.

Mama Hargrove alibadilisha miwani. Aliisoma polepole, na uso wake ukakunjamana.

"Baba wa babu yako amezikwa wapi?"

"Pale pale shambani. Yeye, babu yangu na baba yangu."

"Sikiliza, mwanangu. Mtu akinunua fungu moja, hata dogo, anakuwa mmiliki mwenzenu. Anaweza kwenda mahakamani kuomba shamba lote liuzwe. Siku hizi zipo sheria za kuwakinga warithi, lakini kesi ni kesi. Huyu hataki kipande chako. Anataka shamba zima, na anapita mlangoni kwako."

Roscoe aliichukua tena ile karatasi. Kidogo tu angeuza makaburi ya wazee wake kwa sababu ya swali ambalo halikuhitaji auze kitu. Alijichukia, kisha akaona aibu, kisha akaichana ile karatasi vipande vinne.

Pale pale akampigia simu Shangazi Zipporah, anayelipia kodi ya shamba.

"Mtoto wa kaka yangu Harlan!" sauti ilisikika chumba kizima. "Leo ndiyo umelikumbuka shamba? Julai unakuja kufuata mbavu tu, hata kufyeka majani hufyeki!"

"Nitafyeka, shangazi."

"Utafyeka na kodi utachangia. Hiyo risiti naituma sasa hivi."

Kabla hawajaondoka, Mama Hargrove aliwakumbusha mambo mawili. Msaada wa kianzio ni mkopo usio na riba, na hufutwa wakiishi katika nyumba hiyo miaka mitano. Wakiuza au wakipangisha kabla ya hapo, watadaiwa. "Na msikope kitu chochote kabla ya kukabidhiwa funguo," alisema. "Benki itawaangalia tena siku za mwisho."

"Hata kochi?" aliuliza Verlene kwa sauti ndogo.

"Hasa kochi."

Fomu ilifika Ijumaa saa nane mchana. Baada ya wiki sita Nyla alikimbia chumba hadi chumba katika nyumba ya njano, akigusa kuta na kupiga kelele, "Kavu! Na hii kavu!" Kikohozi kilipungua kabla ya majani ya vuli kudondoka. Na Julai iliyofuata Roscoe alikwenda Alabama na fyekeo, akawaambia binamu zake habari za ile barua. Saba kati yao walikuwa na barua kama hiyo nyumbani. Siku hiyo, kabla ya kula mbavu, waliandika majina ya warithi wote na kuchagua wa kwenda kwa wakili.

Lakini nitawaambia jambo alilolifanya kwanza, jioni ile ile ya funguo. Sebule ilikuwa tupu. Roscoe alikaa sakafuni, akaweka karatasi juu ya boksi na kuandika rasimu ya wosia, aipeleke kwa mwanasheria Jumatatu. Akaandika jina la Nyla lote, herufi kwa herufi.

"Jamani!" Verlene alicheka. "Hata viti hatuna, mtu anaandika wosia!"

"Viti vitakuja," alisema Roscoe bila kuinua kichwa. "Mzee Elijah alikuwa na viti. Wosia hakuwa nao."