Mkate wa Kila Jumamosi

Ilikuwa mwaka wa 2001, vita vya pili vya Kongo vikiendelea, na mulongo wa watu mbele ya mashine ya kusaga ya Ananie, kando ya soko la Butembo, ulikuwa umeanza bila Antoinette. Kwa kawaida alifika wa kwanza kila Jumatatu, na ufagio wake mdogo wa kusugua kinywa cha mashine, ili muhogo wake usagwe kabla ya nafaka za wengine. Leo mvua ilimchelewesha. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye shati la buluu lililopigwa pasi, na magunia mawili ya ngano ya milima ya Lubero.

— Wavukire, kaka, Antoinette akamsalimia kwa Kinande. Nakuomba uniachie nipite mbele.

— Juu ya nini? Bwana yako anakufa na njaa?

— Sina bwana. Ngano yako itabakia mu mashine, itaingia mu muhogo yangu.

— Eh! Ngano yangu iko na ukoma?

Watu wakacheka. Antoinette hakucheka.

— Haina ukoma. Lakini mimi nayo hatusikilizane.

Kijana akamtazama: kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, kitambaa kichwani kilichofungwa haraka, macho yasiyotania. Akavuta magunia yake kando.

— Pita, mama. Lakini Jumamosi nitakuletea mukate ya ngano hii, mupatane.

Jina lake lilikuwa Mathe, naye alikuwa mwoka mikate. Jumamosi alileta mkate wa moto umefungwa katika gazeti, harufu yake ikajaza uwanja mzima wa kwao Antoinette. Akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, wakazungumza mpaka jua likageuka. Mathe alipoondoka, Antoinette aliupeleka mkate kwa jirani yake, Mama Bénie, mwenye watoto sita. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine, na nyingine, na upendo ukakua juu ya mikate asiyoila.

Miaka minne nyuma, Antoinette alikuwa amekonda mpaka pete ikamwanguka kidoleni. Tumbo lilivimba, kuhara hakukwisha. Mji ulinong'ona jina la ugonjwa wa kukonda, na mchumba wake wa kwanza akaacha hata kupita njia ya kwao. Alipimwa, virusi vya UKIMWI havikuonekana. Ndipo sista mmoja daktari, Mwitalia, akamwuliza swali ambalo hakuna aliyemwuliza: "Unakula nini?" Kaka yake sista, kule kwao, alikuwa na ugonjwa wa namna hiyo. Damu ilipelekwa Ulaya, jibu likarudi baada ya miezi mitatu, na sista akaandika kwenye karatasi ngumu: *Seliaki. Ngano na shayiri hapana, hata chembe, maisha yote. Hauambukizi.* Antoinette akaacha mikate na mandazi, na mwili ukarudi. Karatasi aliiweka katika kitabu chake cha sala, hakumwonyesha mtu. Aliwajua watu: wakisikia "maisha yote", hawangojei kusikia "hauambukizi".

Hata hostia, mkate wa komunyo, ni ngano. Padri alimwambia kwamba angeweza kupokea divai ya kikombe peke yake, na kwamba Bwana yumo mzima humo. Lakini Antoinette aliogopa macho ya kanisa lote. Wenzake walipokwenda mbele, yeye alibaki kwenye benchi akisali: "Bwana, Wewe unajua. Njoo hivi hivi."

Mama Kavuo, mama yake Mathe, aliona benchi, hakusikia sala.

— Muchumba yako hapokeaka komunyo, akamwambia mwanawe. Mutu wa vile iko na mwanaume mahali. Chunguza.

— Mama, acha. Ni mutu wa sala.

— Sala ya kukaa?

Mathe alicheka. Lakini Jumamosi ile alisahau mwavuli wake kwa Antoinette, akarudi kuuchukua, na Mama Bénie akamsalimia kutoka mlangoni, kinywa kimejaa.

— Asante, papa! Kila Jumamosi batoto banashiba mukate yako. Mungu akubariki!

Mathe hakubisha hodi. Kesho yake alikwenda mji wa Beni, kwa mjomba wake aliyekuwa akijenga tanuru, na siku hiyo hiyo njia ikafungwa, wapiganaji wa Mai-Mai upande huu, askari upande ule.

Ilibaki phonie, redio ya kuzungumza na mji wa mbali, iliyoendeshwa na Phinées: aliyemaliza kusema alisema "À vous", zamu yako. Waliongojea zamu yao walikaa kwenye mabenchi na kusikia yote.

— Chéri, unanisikia? Antoinette akaita. À vous.

— Nakusikia. Mukate yangu, ulikula hata moja? À vous.

Kwenye mabenchi shingo zikanyooka.

— Hapana. À vous.

— Na komunyo, juu ya nini haupokeake? À vous.

— Mathe, siwezi sema hapa. Batu bamejaa. À vous.

— Mwenye ukweli anaogopa batu gani? Iko mwanaume mwingine? À vous.

— Dada, bonyeza kitufe ndiyo useme, Phinées akanong'ona kwa huruma.

Antoinette aliondoa mkono kwenye kitufe.

— Terminé, ikasema sauti ya Beni, na redio ikakatika.

— Mumwambie mimi nitakula! akaita mwanamke mmoja nyuma, na watu wakacheka.

Nyumbani alisali rozari nzima, kisha akaandika: "Mathe, mukate yako ingeniua. Soma karatasi ya sista. Nilificha juu niliogopa kukupoteza. Sasa nimekupoteza na kuficha hakukunisaidia." Akatia ndani karatasi yenyewe, aliyokuwa nayo moja tu, akampa Salomon, dereva wa lori la mafuta ya mawese. Mara mbili Salomon aligeuzwa njiani. Juma la tano akapita. Kisha kimya.

Jumatatu iliyofuata Antoinette alifika kwa mashine mapema, akamkuta Ananie amekunja uso.

— Mutu wako ananiharibia kazi tangu asubuhi!

Mathe alikuwa ndani, mikono ya shati imekunjwa, akisugua kinywa cha mashine. Beseni zima la muhogo alikuwa amelisaga kwa kuisafisha tu, unga wake ukaenda kwa nguruwe wa Ananie.

— Karatasi inasema hata chembe, akasema bila kugeuka. Donc nafukuza chembe.

— Ulifika lini?

— Jana. Nimeoga mara mbili. Hii shati haijaona tanuru. Antoinette, ku phonie nilikuuliza kama polisi. Unisamehe.

— Na mimi nilikuficha. Unisamehe.

Akatoa kifurushi cha gazeti. Antoinette akarudi hatua moja.

— Fungua kwanza, mama ya wasiwasi!

Vilikuwa viazi vitamu vya kukaanga.

— Mafuta hayakukaanga mandazi?

— Mafuta mapya ya Salomon. Sufuria mpya, kisu kipya. Mama anasema nimekuwa kichaa.

— Mama anajua?

— Nilimusomea karatasi. Alinyamaza. Kwa mama ile ni kintu kubwa.

— Mutakula ao mutasaga? Ananie akapiga kelele. Mulongo umefika ku soko!

— Ngoja, papa Ananie, namaliza. Antoinette, tanuru itabaki mahali yake, nguo za kazi zitalala kule. Mu nyumba yetu bunga ya ngano haitavuka mulango. Kama unakubali iwe yetu.

Antoinette alikaa juu ya beseni lake akala viazi, kwa mara ya kwanza mbele ya macho ya Mathe, kipande kwa kipande mpaka gazeti likabaki tupu.

— Chumvi imepungua, akasema.

— Ile ni jibu?

— Ni jibu. Utajifunza polepole, tuko na maisha yote.

Jumapili ndoa yao ilipotangazwa mara ya kwanza, Antoinette aliondoka kwenye benchi. Akaingia mulongo wa komunyo, Mathe akiwa nyuma yake. Padri alimpa kikombe kidogo cha pembeni, kisichoguswa na hostia, akanywa. Katika mulongo mwanamke mmoja alimgusa Mama Kavuo begani.

— Juu ya nini yeye divai peke yake?

Mama Kavuo hakugeuka.

— Ngano inamukatalia. Fata mulongo yako.